Koki ya Nne Hufungwa Kushoto

Guamalito, Antioquia
9 Septemba 2018

Mpendwa Nubia, mwanangu,

Naomba radhi kwa kimya cha miezi kumi na minne. Sitasingizia shughuli, kwa kuwa mwalimu mstaafu hana shughuli za kujaza miezi kumi na minne. Barua hii niliianza mara tatu, na mara tatu nikaichana. Leo nitaimaliza.

Mungu akubariki. Sisi hatujambo. Baba yako, kaka yangu Evelio, bado anapanda kwenye chanzo cha maji kila asubuhi, ingawa ngiri inamsumbua na daktari amekwisha kumwambia kwamba Januari lazima apasuliwe. Anasema Januari iko mbali. Binamu yako Leidy amejifungua mtoto wa kike, mzito, mwenye nywele zilizosimama kama brashi. Yule jogoo wa Fabiola aliyekuwa akiwafukuza watoto wa shule ameishia kwenye supu, wala hakuna aliyemlilia.

Sasa nieleze lililonifanya nichukue kalamu. Unajua kwamba wanafunzi wa uhandisi walikitengenezea chama chetu cha maji tovuti ya maelekezo: jinsi ya kusafisha tangi la mchanga, jinsi ya kupima klorini, koki ipi inahudumia nyumba zipi. Ni kurasa tuli, hazina mlango wala neno la siri, na mtu anaweza kuzibeba zote ndani ya simu na kuzisoma mahali pasipo na mtandao, yaani karibu Guamalito yote. Kasoro yake ni kwamba ni maneno matupu, na watu wetu wakiona maneno mengi hupiga miayo. Kwa hiyo Fabiola, mweka hazina wetu, amezunguka na simu yake akapiga picha ishirini na tatu. Wanafunzi wakatuandikia kwamba kila picha iambatane na maelezo mafupi, ambayo simu itamsomea kwa sauti mtu asiyeona. Kamati ikanigeukia mimi, kwa kuwa ni katibu na nimefundisha sarufi miaka thelathini na minane.

Maelezo nimeyaandika, nami nayaambatanisha. Wewe umejifunza kazi ya tovuti huko Barranquilla, na umeishi bila macho tangu ukiwa na miaka kumi na mmoja. Naomba uyakague, kisha uyaingize mahali pake. Picha Fabiola atakutumia kwa njia anayoijua yeye.

Jambo la pili. Mzee Arcesio, anayepokea simu za hitilafu katika ofisi ya chama, anahamia Cali kwa binti yake mwisho wa mwaka. Nafasi ile uliyoiomba mwaka jana, nawe ukakataliwa, itakuwa wazi tena. Mkutano mkuu utaamua mwezi Machi. Sikushauri lolote. Nakuarifu tu.

Usinipigie simu kunijibu. Simu huku ni ya kuulizia bei ya kahawa, na jambo la maana linastahili karatasi.

Shangazi yako,
Hermelinda


Barranquilla
2 Oktoba 2018

Shangazi mpendwa,

Naomba baraka zako. Barua yako ilifika Jumatano, na Bi Betsabé, mwenye nyumba wangu, alinisomea barazani huku akimenya mihogo. Mwandiko wako simu yangu haiuwezi, lakini Bi Betsabé anauweza, na anaupenda. Amesema nikwambie kwamba tangu azaliwe hajaona herufi zilizonyooka hivyo, na kwamba jogoo alistahili.

Mimi sijambo. Joto la huku ni lile lile, mtu anaoga na kutoka jasho kabla ya kujifuta. Bado napokea simu za abiria wa kampuni ya mabasi: nani kapoteza mzigo, nani kapoteza mume. Mpe Leidy pongezi. Mwambie Baba kwamba Januari haiko mbali.

Nimeyapitia maelezo yako yote ishirini na tatu. Nitasema ukweli, kama ulivyonifundisha. Hayana kosa hata moja la lugha. Yanayonifaa ni manne.

Tuchukue picha ya nne. Umeandika: “Picha inaonyesha koki ya chuma, iliyopakwa rangi ya kijani, ikiwa katikati ya nyasi, wakati wa asubuhi.” Bi Betsabé alipoisoma akasema, “Ni shairi zuri. Sasa hiyo koki inafungwaje?” Na mimi nauliza hivyo hivyo. Kwanza, usianze na “picha inaonyesha”, kwa sababu simu yenyewe hutangaza kwamba hii ni picha. Pili, anayeusoma ukurasa huo hatembei bustanini. Maji yanamwagika, mkono wake uko kwenye koki. Anataka kujua ni ipi kati ya tisa, ataitambuaje kwa kuigusa, na aizungushe upande gani. Asubuhi haimsaidii.

Picha ya kumi na tisa ndiyo ngumu kuliko zote. Umeandika: “Ramani ya mtandao wa maji wa Guamalito.” Hilo ni jina la ramani, Shangazi. Ramani yenyewe iko wapi? Kama haiingii katika sentensi moja, iandike kama safari, kutoka kwenye chanzo hadi nyumba ya mwisho, koki baada ya koki.

Kwa hiyo nimeziwekea alama. Manne: vizuri. Kumi na nane: rudia. Ramani: rudia yote.

Kuhusu nafasi ya Mzee Arcesio, nimesikia.

Mwanao,
Nubia


Guamalito
11 Novemba 2018

Mpendwa Nubia,

Mungu akubariki, wewe na mwenye nyumba wako. Salamu zangu kwa Bi Betsabé, ambaye bila shaka anaisoma sentensi hii kwa sauti kubwa. Namshukuru kwa kuusifu mwandiko wangu, nami namwomba asiongeze maoni katikati ya aya.

Nimechelewa kujibu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mavuno: kahawa imeiva yote kwa pamoja, na hata mimi nimechuma, vikapu viwili kwa siku, mpaka mgongo ukanikataza. Ya pili ni kwamba nilikasirika. Nimefundisha miaka thelathini na minane na sijawahi kuandikiwa “rudia”. Niliiweka karatasi yako chini ya kopo la sukari guru kwa siku kumi na mbili, nisiione. Siku ya kumi na tatu nikaitoa, nikafumba macho, nikamwambia Leidy anisomee maelezo yangu mwenyewe. Alifika picha ya saba, nikamwambia inatosha.

Basi nimerudia. Jumamosi tatu mfululizo nimetembea na baba yako kutoka kwenye chanzo hadi nyumba ya mwisho, yeye akisema, mimi nikiandika. Unamjua. Nilipomuuliza koki ya tano iko wapi alijibu, “Ukishampita Tobías.”

“Tobías amekufa, Evelio, na nyumba yake ilichukuliwa na maporomoko ya udongo.”

“Najua. Nilisaidia kumzika. Lakini ukimpita.”

Hapo nikatambua kwamba nusu ya ramani ya Guamalito imejengwa juu ya vitu ambavyo havipo, na sisi wote tunapita humo bila kujikwaa. Nimeandika badala yake: hatua arobaini baada ya daraja la mbao, mkono wa kulia, penye jiwe refu linalofika kiunoni.

Kuhusu koki ya nne, nilimuuliza inazungushwa upande gani ili ifunge. Akanitazama kana kwamba nimemuuliza jua linachomoza wapi. “Kushoto.” Nikamwambia koki zote hufungwa kulia. “Hiyo hapana. Hiyo tuliitoa kwenye mtambo wa zamani wa kahawa, ule wa shamba la juu, siku ya msaragambo wa kijiji kizima, mwaka themanini na saba. Inafunga kinyume.” Nikamuuliza kwa nini jambo hilo halimo katika ukurasa wowote. “Nani asiyelijua?” akasema. Mimi sikulijua, Nubia, na nimekunywa maji ya koki hiyo miaka thelathini na moja.

Kisha akakaa juu ya jiwe kupumzisha ngiri yake, akaniuliza, “Hilo swali umelitoa wapi?” Nikamwambia ni lako. Tukaendelea hadi nyumbani. Alipokuwa akivua viatu akasema, “Swali la fundi hilo.”

Nayaambatanisha maelezo yote upya. Ramani imekuwa kurasa mbili na nusu.

Liko jambo jingine ninalopaswa kukwambia, nalo ndilo lililozichana barua zile tatu. Halifai kusomwa na mdomo wa mtu wa tatu, hata ukiwa mdomo mwema. Bi Betsabé anisamehe.

Shangazi yako,
Hermelinda


Barranquilla
3 Desemba 2018

Shangazi mpendwa,

Naomba baraka zako. Bi Betsabé alipofika kwenye aya ya mwisho aliikunja barua, akaniwekea mapajani, akaingia jikoni kugonga sufuria. Jioni akatoka na kusema, “Mwambie shangazi yako mimi nimewasomea watu sita siri zao na zote nitakufa nazo.” Kisha akaniuliza kama ninadhani ni jambo la urithi. Nikamwambia sijui.

Maelezo yako sasa nayasikia na kuona njia. Yote ishirini na tatu nimeyaingiza. Kazi ilinichukua Jumapili mbili, kwa sababu kurasa za tovuti yenu ni faili za maandishi matupu, na faili za namna hiyo ndizo zinazonipenda. Niliposikiliza ramani mwanzo hadi mwisho nilifika mlangoni kwetu, na nilijua nimefika kabla sijatajiwa, kwa sababu ya ule mteremko na mfereji wake. Sikuufanyia kazi tena ukurasa huo siku hiyo.

Mwambie Fabiola azipakue kurasa upya kwenye simu yake, na kila mjumbe wa kamati afanye hivyo, ili wasibaki na zile za zamani.

Sasa kuhusu jambo lako. Kuna njia. Ukilichapa kwa kompyuta, badala ya kuliandika kwa mkono, simu yangu itanisomea masikioni, na hakuna mwingine atakayesikia. Kompyuta ipo kwenye maktaba ya mjini, na yule bwana wa maktaba alikuwa mwanafunzi wako, hatakukatalia. Utachukua muda. Nitasubiri. Nimejifunza kusubiri.

Ninakutakia Krismasi njema. Mkikoroga ule uji wa mahindi wa sikukuu, mmoja wenu akoroge kwa niaba yangu, na asiwe Leidy, maana huunguza.

Nubia


Guamalito
27 Januari 2019

Mpendwa Nubia,

Mungu akubariki. Barua hii nimeichapa mwenyewe, kwa vidole viwili, kwa muda wa siku nne. Bwana wa maktaba amesimama nyuma yangu mara mbili, nami mara mbili nimemwambia akakae.

Baba yako alipasuliwa tarehe kumi na nne na anaendelea vizuri. Analalamika kwamba chakula cha hospitali hakina chumvi na wauguzi hawajui kufunga bomba la bafuni. Atarudi wiki ijayo. Leidy aliunguza uji.

Kwanza nikusimulie yaliyotokea tarehe kumi na tano, siku moja baada ya kupasuliwa kwake. Bomba kubwa lilipasuka chini ya shule, saa sita mchana. Maji yakashuka kama mto hadi kwenye sakafu za kuanikia kahawa. Evelio alikuwa kitandani, Arcesio alikwisha kwenda Cali, na ofisini simu ililia bila mtu. Tulikimbia kwenye koki ya nne, Fabiola, Otoniel na mimi. Otoniel ametoka Urabá, amekuja kuoa hapa miaka miwili tu iliyopita. Ana mikono ya kubeba ng'ombe. Aliishika koki akaanza kuizungusha kulia kwa nguvu zake zote, nayo ikawa inalia.

Fabiola akatoa simu kutafuta ukurasa. Jua lilikuwa kali, kioo kikang'aa kama bati, hakuna kilichoonekana. Miwani yake ilikuwa nyumbani, vidole vyake vimejaa tope. Akaelekeza simu huku, akaielekeza kule, akaiweka chini ya sketi yangu kutafuta kivuli. Nikamwambia, “Washa sauti, mwanamke. Iache isome.”

Simu ikasoma, katikati ya kelele za maji: “Koki ya nne. Gurudumu lake lina mikono mitatu, nyingine zote zina minne. Hufungwa kwa kuzungushwa kushoto, kinyume cha koki nyingine. Ikigoma, usiilazimishe kulia, mhimili utakatika.”

Otoniel akaiachia kama aliyeungua. “Nani huyo anayenifokea?”

“Ni Mwalimu,” Fabiola akasema. “Hata ndani ya simu anasahihisha watu. Zungusha kushoto.”

Akazungusha kushoto, mizunguko kumi na mmoja, na maji yakakata. Kahawa iliyoharibika ni ya sakafu moja tu. Baba yako alipoelezwa hospitalini alisema mhimili ule ungekatika, hakuna dukani wa kuufanania, na nyumba zote za juu zingekaa wiki tatu bila maji. Hatukuwa na mtu asiyeona pale kwenye koki. Tulikuwa watu watatu wenye macho sita, na hakuna hata moja lililotufaa. Kilichotufaa ni swali lako.

Sasa lile jambo.

Ulipoomba nafasi ya ofisini, mkutano wa Julai 2017 ulilijadili ombi lako kwa robo saa. Hakuna aliyetoa hoja. Mmoja alisema, “Maskini, ataanguka kwenye ngazi.” Mwingine alisema, “Atachoka, na sisi tutaona aibu kumwachisha.” Baba yako alitazama kofia yake. Ilikuwa huruma, ile huruma mbaya inayofunga mlango taratibu, na wote walijua kwamba huruma haiandikwi kwenye kumbukumbu za kikao. Wakanigeukia. Wakaniambia, “Mwalimu, liweke vizuri.”

Nikaliweka vizuri. Niliandika: “Ombi limekataliwa kwa kuwa kazi hii inahitaji kusoma ramani, na ramani haiwezi kusomwa na mtu asiyeona.” Sentensi hiyo haikutoka kinywani mwa mtu yeyote mkutanoni. Ilitoka kwangu. Walikuwa na woga tu, mimi nikaupa woga wao sababu, na ilikuwa sababu nzuri kiasi kwamba waliposomewa walitikisa kichwa na kuiamini. Nami nikatia sahihi.

Haikuwa kweli. Ramani haikuwa imeandikwa, hilo ndilo lililokuwa kweli, na wa kuiandika nilikuwa mimi.

Mkutano mkuu ni tarehe kumi na saba Machi. Nitasimama, nitaisoma sentensi hiyo mbele ya wote, nitasema ni yangu, na nitaomba ifutwe. Sikuombi uniambie kwamba umenisamehe. Ukitaka nafasi ile, barua ya maombi inakubaliwa bila mwombaji kuhudhuria, ibara ya kumi na nne ya katiba ya chama. Usipoitaka, sentensi itafutwa hata hivyo.

Hermelinda


Barranquilla
16 Februari 2019

Shangazi mpendwa,

Naomba baraka zako.

Nilijua. Niliomba nakala ya kumbukumbu za kikao Agosti ya mwaka ule ule, na Bi Betsabé ndiye aliyenisomea. Alipofika kwenye sentensi hiyo nilikutambua kabla hajaifikia sahihi. Hakuna mwingine huko anayeweza kunifungia mlango bila kupiga kelele.

Kwa hiyo miezi kumi na minne haikuwa yako peke yako. Ilikuwa pia yangu. Kila mara Bi Betsabé aliponiuliza, “Humwandikii shangazi yako?” nilimwambia sina wino, na mimi situmii wino. Ulipoandika Septemba na kuniomba nikusahihishe, nilijiambia: amefika mlangoni, lakini hajabisha hodi. Niliweka “rudia” nyingine kwa hasira, nikiri. Picha ya kumi na moja haikuwa mbaya sana. Ile ya koki ya nne haikuwa ya hasira.

Barua yako niliisikiliza peke yangu, masikioni, mara mbili. Sauti ya simu yangu ni ya mwanamke asiye na moyo, anayesoma msiba na bei ya mayai kwa sauti moja. Nilifurahi kwamba ni yeye. Angekuwa mtu, angenihurumia.

Sasa nikueleze la Baba. Tangu atoke hospitali ananipigia simu kila siku baada ya chakula cha mchana, yeye ambaye alikuwa akinipigia Krismasi na siku ya kuzaliwa. Hasemi habari gani. Anasema, “Kwa akina Zuluaga hakuna maji, kwa jirani yao yapo. Unafunga nini?” Namjibu. Anasema, “Haya.” Kesho yake analeta jingine, gumu zaidi. Jumanne nilikosea, nikamwambia afunge ya sita kabla ya ya saba. “Hapo umetuzamisha wote,” akasema, na alikuwa na furaha kiasi kwamba nilimsikia akipiga paja. Kisha akanieleza kwa nini, kwa dakika ishirini. Hayo aliyonieleza hayamo kwenye ukurasa. Nimeyaandika, nayaambatanisha, uyatie sarufi.

Barua yangu ya maombi imo humu. Naomba usiniombee. Usiwaeleze jinsi nilivyoteseka wala jinsi nilivyo hodari. Soma sentensi yako, kisha ukae. Wakitaka kunijaribu, wanipigie simu wakiwa wamesimama kwenye koki yoyote, siku yoyote, nao waniulize.

Na kama wataniita, sitaki ngazi ya ofisi ibadilishwe kwa ajili yangu. Naijua ina vidato vingapi.

Mwanao,
Nubia


Guamalito
18 Machi 2019

Mpendwa Nubia,

Mungu akubariki. Sote hatujambo. Mtoto wa Leidy ameota meno mawili na ameyajaribu kwenye kidole changu. Baba yako amekatazwa kubeba mizigo mpaka Mei, kwa hiyo anabeba kwa siri.

Mkutano ulifanyika jana, katika darasa la shule. Tulikuwa wanachama arobaini na watatu. Nilisimama, nikaisoma sentensi yangu. Nikasema: “Hii niliiandika mimi. Hakuna aliyeisema. Si kweli, na naomba ifutwe.” Nikakaa, kama ulivyoagiza. 

Kisha Aníbal, yule mwenye duka la mbolea, akasema, “Lakini Mwalimu, tusidanganyane. Na hicho kisimu chake kikizimika?”

“Na wewe miwani yako ikivunjika?” Fabiola akamuuliza.

“Nitavaa ya mke wangu.”

“Basi naye ataazima simu ya Bi Betsabé.” Watu wakacheka, ingawa hakuna anayemjua Bi Betsabé. Mwambie kwamba sasa ni mtu maarufu huku.

Otoniel akasema kwamba yeye aliokolewa na ile sauti na angependa kumwona mwenye swali. Ndipo baba yako akasimama. Unajua kwamba hasimami mikutanoni. Akasema, “Bomba likipasuka, anayepigiwa simu alfajiri ni mimi. Anayenipigia lazima anijulishe koki ipi. Arcesio alikuwa na macho mawili, na alinituma kwenye koki isiyo yake mara saba. Nimempa binti yangu mitihani ishirini na nane. Amekosa miwili.” Akakaa. Kisha akasimama tena. “Mwaka ule nilinyamaza. Hilo nalo liandikwe.”

Nimeliandika.

Sentensi ilifutwa kwa kura thelathini na sita dhidi ya saba. Nimeipiga mstari mwekundu mbele yao, na pembeni nimeandika tarehe na jina langu.

Tulikuwa tunaingia kwenye kura ya nafasi yenyewe wakati mvua iliponyesha. Wenye kahawa iliyoanikwa wakakimbia kuifunika, watano, Otoniel miongoni mwao. Nikahesabu tuliobaki. Thelathini na wanane. Katiba inataka arobaini na mmoja ili kura ihesabike.

Fabiola akaninong'oneza, “Mwalimu, Otoniel yuko pale uani, anaonekana. Mhesabu.” Nikamwambia aliye nje yuko nje. Akasema, “Ni Nubia huyu, si mtu baki.” Nikamwambia ndiyo maana. Nilikwisha kukuandikia sentensi moja isiyo kweli ili watu warudi nyumbani mapema. Sitaandika ya pili, hata iwe ya kukufaa. Nikafunga mkutano. Baba yako hajazungumza nami tangu jana jioni, lakini asubuhi ya leo amenikatia kuni.

Mkutano wa marudio ni Jumapili tarehe thelathini na moja, saa tatu asubuhi, na nimeamuru kwamba asianike mtu kahawa siku hiyo. Waombaji ni wawili, wewe na mpwa wa Aníbal. Waliokuja kuninong'oneza habari zako ni wengi, nami nimekataa kuwasikiliza, kwa hiyo siwezi kukupa hesabu wala matumaini yaliyo rasmi. Yasiyo rasmi ninayo.

Siku hiyo nitakwenda mkutanoni na nauli ya kwenda mjini mfukoni. Kura ikishahesabiwa na kutiwa sahihi, nitapanda basi la saa tisa. Bwana wa maktaba amekubali kunifungulia mlango siku ya Jumapili. Uamuzi wowote watakaoufikia nitauchapa mwenyewe, kama ulivyo, usiku haujaingia, ili usiusikie kwa mdomo wa mtu mwingine kabla ya wangu.

Shangazi yako,
Hermelinda